Klachi nzito? Chomoa waya kwanza

Wenye pikipiki za zamani, levo ya klachi ikiwa ngumu kubana, kabla fundi hajakushawishi ukate springi za klachi, chomoa kwanza waya unaotoka kwenye levo kwenda injini. Ninayo Yamaha TY ya miaka ya 1970, zile za mashindano ya kupanda miamba polepole, na kwenye foleni ya Tazara, Dar es Salaam, mkono ulikuwa unakufa ganzi kabisa.

Waya ulipotoka nikauvuta ndani ya kava lake: unakwaruza kama msumeno. Chumvi ya bahari ya Kigamboni hiyo. Nikafunga kipande cha mfuko wa nailoni kwenye mdomo wa kava, nikamimina oili nyepesi, nikauning'iniza usiku kucha. Asubuhi chini kuna matone meusi yenye kutu. Ukikuta nyuzi zimeanza kufumuka, usihangaike na oili, nunua mwingine.

Ukiurudisha, upitishe kwa mkunjo mpana. Kona kali chini ya tangi inarudisha uzito wote. Paka grisi kwenye boliti ya levo, kisha acha ulegevu wa milimita 2 hadi 3 pale levo inapokutana na shina lake.

Bado nzito? Mkono wa klachi kwenye injini, ule chuma kinachovutwa na waya, unaweza kurefushwa, ila kidogo sana. Ukizidisha, pleti za klachi haziachani vizuri, na kutafuta nyutro kwenye taa nyekundu inakuwa vita. Springi laini ziwe za mwisho kabisa, maana klachi ikianza kuteleza, utasikia harufu ya kuungua kabla hujafika Mbagala.