Jinsi ya Kuandika Maoni Yanayofaa Kuhusu Rekodi za Ushairi na Vitabu vya Marejeo

Mtu anayesoma maoni ya mwenzake kuhusu rekodi ya mashairi au kuhusu kamusi huwa na swali moja: je, kitu hiki kitanifaa kwa kazi niliyo nayo? Maoni mengi hayalijibu swali hilo. Husema kwamba sauti ni tamu, au kwamba kamusi ni nene na inapendeza, kisha yakaishia hapo, na aliyekuja kutafuta msaada huondoka mikono mitupu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandika maoni ambayo mtu mwingine anaweza kuyahakiki kwa sikio lake mwenyewe au kwa kufungua ukurasa uliotajwa. Naamini kwa dhati kwamba maoni yasiyoweza kuhakikiwa, yawe ya sifa au ya lawama, hayamfai mtu.

Nimeziweka aina hizi mbili za kazi pamoja kwa sababu zinatumika kwa namna inayokaribiana. Riwaya husomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuwekwa kando, lakini rekodi ya shairi husikilizwa tena na tena, na kitabu cha marejeo hufunguliwa kwa dakika moja, kikafungwa, kikafunguliwa tena baada ya wiki kwa haja nyingine kabisa. Kwa hiyo maoni yanayoandikwa siku ile ile kitu kilipopatikana, kabla hakijatumika, mara nyingi huwa ni maoni kuhusu jalada.

Jua kwanza unachosikiliza

Anza kwa kubainisha rekodi yenyewe. Taja jina la mshairi, jina la anayesoma ikiwa si mshairi mwenyewe, mwaka sauti iliporekodiwa na mwaka rekodi ilipotolewa, maana miaka hiyo miwili huweza kuachana sana. Eleza pia kama mashairi yamesomwa kwa sauti ya kawaida, yameghaniwa, au yameambatanishwa na muziki. Anayetaka kujifunza mahadhi ya utenzi hatafaidika na rekodi ya mwigizaji anayesoma kana kwamba anasimulia hadithi, hata kama mwigizaji huyo ana kipaji kikubwa. Na anayetaka kusikia maneno peke yake atakerwa na ala zinazofunika silabi za mwisho wa kila mshororo.

Umri wa rekodi unahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Thomas Edison alibuni fonografu, mashine ya kurekodi na kuchezesha sauti, mwaka 1877, na kabla karne ya 19 haijaisha washairi walikuwa wameshaanza kusoma mbele ya mashine za namna hiyo. Robert Browning alirekodiwa mwaka 1889 akisoma shairi lake mwenyewe, akasahau mistari njiani na kuomba radhi. Mwaka uliofuata Alfred Tennyson naye alirekodiwa kwenye mitungi ya nta, yaani silinda zilizochorwa sauti. Mitungi hiyo ilibeba dakika chache tu za sauti, na hata santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilizokuja baadaye hazikuwa na nafasi kubwa kwa kila upande, hivyo shairi refu lilipaswa kukatwa vipande. Santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi ilianza kuuzwa mwaka 1948, na ni aina hiyo ya santuri iliyoiwezesha kampuni ya Caedmon, iliyoanzishwa New York mwaka 1952, kumtoa mshairi Dylan Thomas akisoma kazi zake kwa kirefu.

Anayeyajua haya hatamlaumu mshairi wa mwaka 1890 kwa kukatiza shairi au kwa kusoma mbio. Ataeleza kwamba mkwaruzo unafunika maneno kuanzia dakika fulani hadi fulani, na kwamba msikilizaji atahitaji kuwa na maandishi mbele yake. Tena si kila kasoro ya sauti inatoka kwenye chanzo. Santuri ikichezwa kwa kasi isiyo yake wakati wa kuihamishia kwenye faili la kisasa, sauti ya mtu mzima hugeuka nyembamba au nzito kupita kiasi, na kosa hilo ni la watayarishaji wa toleo jipya. Kama shairi hilo hilo limetolewa mara mbili na watu tofauti, sikiliza matoleo yote mawili kabla ya kusema lolote, kisha mwambie mwenzako ni lipi linalosikika vizuri zaidi.

Sikiliza mara mbili, ya pili ukiwa na maandishi

Mara ya kwanza sikiliza bila kitabu, uone ni kiasi gani cha shairi kinachokufikia kwa masikio peke yake. Mara ya pili fungua maandishi, shika kalamu, na uandike dakika na sekunde kila unapoona jambo. Hapa ndipo maoni mazuri yanapopatikana, na sijui njia ya mkato ya kulikwepa zoezi hili.

Chukua mshororo huu, nilioutunga kwa ajili ya mfano: "Mtu asomaye vina, asikimbize mizani." Kila kipande kina mizani, yaani silabi, 8: m-tu-a-so-ma-ye-vi-na, kisha a-si-ki-mbi-ze-mi-za-ni. Ile "m" ya kwanza inahesabiwa kuwa mizani kamili. Msomaji anayeimeza na kuanzia kwenye "tu" amebakiwa na mizani 7, na sikio lililozoea mashairi ya arudhi, yanayofuata kanuni za vina na mizani, litasikia kwamba kipande kimepungua. Ukikuta jambo kama hilo, usiandike kwamba msomaji hajui ushairi. Andika hivi: "Katika ubeti wa tatu, dakika ya 2 na sekunde 14, msomaji anaimeza 'm' ya mwanzo na mizani inapungua, jambo hili linajirudia katika beti nyingi, kwa hiyo siipendekezi rekodi hii kwa anayejifunza kutunga, ingawa kwa anayetaka kufuata kisa tu haitamsumbua." Mwenzako amepata mahali, kosa, uzito wa kosa na mtu ambaye kosa hilo linamhusu, na akitaka anaweza kwenda kusikiliza sekunde hiyo hiyo akakubali au akakataa.

Jambo jingine la kufuatilia ni mahali msomaji anapotua. Sentensi inapovuka kutoka mshororo mmoja hadi mwingine, kila msomaji hulazimika kuamua. Wako wanaotua mwishoni mwa kila mshororo ili kina kisikike waziwazi, na wako wanaofuata maana ya sentensi na kukiacha kina kipite chini kwa chini. Njia zote mbili zina watetezi wake. Mimi napendelea ya kwanza katika mashairi ya arudhi na ya pili katika mashairi huru, na naona ni haki mtoa maoni ayaseme mapendeleo yake waziwazi, kwa kuwa mwenye mapendeleo ya kinyume atatambua hapo hapo kwamba kile ninachokilaumu ndicho anachokitafuta.

Neno la kwenye sauti likitofautiana na neno la kitabuni, usiharakishe kuliita kosa. Washairi wengi huendelea kurekebisha mashairi yao hata baada ya kuyachapisha, na mshairi anaposoma mwenyewe huenda anasoma toleo la awali au la baadaye kuliko lile ulilo nalo mkononi. Linganisha na chapa nyingine kama unaweza kuipata. Usipoipata, ripoti tofauti hiyo kama ilivyo, ukitaja chapa uliyoifuatilia, na umwachie mwenzako aamue. Tofauti za namna hii ni hazina kwa mtafiti, na ni pale msikilizaji makini anapoziandika ndipo wengine wanapojua kwamba zipo.

Kitabu cha marejeo hupimwa kwa kazi

Kamusi au ensaiklopedia haihukumiwi kwa kupekuapekua kurasa. Andaa maswali kabla ya kuifungua, na maswali hayo yatoke kwenye kazi halisi. Mashairi uliyokuwa ukiyasikiliza yanafaa sana kwa jambo hili, maana yamejaa maneno ya kale, maneno ya lahaja na maumbo yaliyofupishwa ili kutosheleza mizani. Orodhesha maneno yaliyokushinda, ongeza machache ya kawaida kabisa na machache ya kitaalamu ya siku hizi, kisha uyatafute moja baada ya jingine huku ukiandika kilichotokea: lilipatikana, halikupatikana, lilipatikana lakini maelezo hayakutosha.

Kwa kamusi ya Kiswahili kuna mambo ambayo ni lazima yajaribiwe, kwa kuwa lugha yetu hubadilisha mwanzo wa maneno. Tafuta "meno" na "nyufa" uone kama kuna kielekezo cha kukupeleka kwenye "jino" na "ufa", au kama kamusi inadhani kwamba kila anayeifungua tayari anajua umoja wa kila nomino. Tafuta "mpishi": je, ni kidahizo (neno linaloorodheshwa na kufafanuliwa) kinachojitegemea, au kimewekwa chini ya kitenzi "pika"? Tazama pia vitenzi vilivyonyambuliwa vinapangwaje, na kama ngeli ya kila nomino imeonyeshwa. Anayejifunza lugha atahangaika sana na kamusi inayofuata mzizi wa neno, ilhali mwanaisimu huenda akaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Maoni yako yawataje wote wawili.

Baada ya hapo pima fafanuzi zenyewe. Kasoro inayoudhi kuliko zote ni ya mzunguko: unatafuta "huzuni" unaambiwa ni majonzi, unakwenda kwenye "majonzi" unaambiwa ni huzuni. Ukikuta jozi kama hiyo, iandike na utaje kurasa zote mbili. Angalia kama kuna mifano ya matumizi, na kama mifano hiyo inaonyesha jinsi neno linavyoandamana na mengine au imejaza nafasi tu. Katika ensaiklopedia na vitabu vya istilahi za ushairi, kigezo kikubwa ni faharasa. Chagua mada kadhaa, zitafute humo, kisha nenda kwenye ukurasa ulioelekezwa uone kama kweli jambo hilo lipo. Faharasa mbovu hukifanya kitabu kizuri kisitumike, na wahakiki wengi hawaigusi kabisa.

Tarehe ya kitabu ina uzito mkubwa, na si ile iliyoandikwa kwenye jalada peke yake. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilichapishwa sehemu kwa sehemu kuanzia mwaka 1884 hadi 1928, kwa hiyo maneno ya herufi A yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini wakati sehemu ya mwisho inatoka. Jina la kitabibu la uvimbe wa kidole tumbo, "appendicitis", liliachwa nje ya sehemu za mwanzo. Kisha mwaka 1902 kutawazwa kwa Mfalme Edward VII kukaahirishwa kwa sababu ya ugonjwa huo, na neno likawa midomoni mwa kila mtu. Kwa upande wetu, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na toleo la pili likafuata mwaka 2004. Maoni yanayosema kwamba neno fulani halimo, bila kutaja toleo, yanaweza kuwa kweli kwa kitabu kimoja na uongo kwa kingine chenye jina lile lile.

Usiogope kuripoti kosa hata katika kitabu chenye heshima kubwa. Toleo la pili la kamusi ya kimataifa ya Webster la mwaka 1934 lilikuwa na kidahizo "dord", kikifafanuliwa kuwa ni densiti katika fizikia na kemia. Neno hilo halikuwahi kuwapo: karatasi iliyoorodhesha vifupisho, "D or d", ilichanganywa na karatasi za maneno ya kawaida. Mhariri aliligundua mwaka 1939 alipoona kwamba halina maelezo ya asili. Kidahizo kisicho na kitu ambacho wenzake wote wanacho kinastahili kutazamwa mara ya pili, na mtumiaji yeyote anayefungua kitabu kwa umakini anaweza kukiona.

Kabla ya kulaumu upungufu, soma utangulizi. Kamusi ya shule inayotangaza kwamba imekusudiwa wanaoanza haipaswi kulaumiwa kwa kukosa msamiati wa tenzi za kale. Kinachofaa kulaumiwa ni ahadi iliyotolewa na haikutimizwa.

Kuandika maoni yenyewe

Jitambulishe kwa kazi uliyokuwa ukiifanya: unafasiri, unafundisha, unatunga, unasikiliza kwa kuburudika. Sentensi moja inatosha. Halafu weka ushahidi uliokusanya, ukitanguliza jambo zito kuliko yote, na hukumu yako ije baada ya ushahidi. Ukitakiwa kutoa nyota, zitoe, lakini nyota tatu zisizo na maelezo zinaweza kumaanisha kwamba sauti ni mbaya, kwamba mashairi hayakukugusa, au kwamba kifurushi kilichelewa kufika. Malalamiko kuhusu usafirishaji yapelekwe kwa muuzaji.

Kama ulipewa rekodi au kitabu bure, au kama unafahamiana na mtunzi, sema hivyo mwanzoni. Ukisahihishwa na mtu aliyekwenda kwenye ukurasa uliotaja akakuta jambo tofauti, rekebisha maandishi yako na uache alama ya tarehe ya marekebisho. Fanya hivyo pia toleo jipya linapotoka: rudia orodha yako ile ile ya maneno, au sikiliza tena sekunde zile zile ulizoziandika, kisha ongeza chini ya maoni ya awali ni kasoro zipi zimeondolewa na zipi bado zipo.