Mtoto akifukuzwa ju ya pesa shule ya serikali, anza na karatasi kabla ya wakili

Nimefanya kesi za shule hapa Nairobi miaka kadhaa, na kila wiki ya kwanza ya muhula swali ni lile lile, wakili tunaweza kushtaki shule? Ndio, mnaweza. Lakini kesi nyingi nimeona zikiisha hata kabla ya korti, ju mzazi alikataa kuambiwa mambo kwa mdomo.

Mtoto akirudi saa nne asubuhi na begi mgongoni, usikimbilie kuteta kwa simu. Chukua daftari uandike tarehe, saa, nani alimtoa darasani na ni pesa ya nini, manake siku hizi haiitwi karo, inaitwa tuisheni, dawati, mtihani, pesa ya askari wa geti. Maneno ya mtoto yaandike vile ameyasema, usiyapambe. Alafu nenda shule, salimia vizuri, useme: "Mwalimu, nimekuja nielewe. Naomba uniandikie ni ngapi, ni ya nini, na nani aliidhinisha." Wakikataa kuandika, ukitoka tu hapo geti watumie meseji: "Asante mwalimu kwa leo. Umenieleza mtoto hawezi kurudi bila 1,500. Kama sikuelewa vizuri naomba unirekebishe." Akijibu umepata ushahidi, na akinyamaza bado una meseji yenye tarehe na saa.

Sheria yenyewe iko wazi. Katiba ibara ya 53 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza shule ya umma kuitisha karo ya masomo, na hayo malipo mengine lazima Waziri aidhinishe akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata yakiidhinishwa mtoto hanyimwi shule ati hajalipiwa, na kila pesa inayochukuliwa iwe na risiti rasmi. Hapo kwa risiti ndio shule nyingi hunyamaza.

Kuna mama alikuja kwangu na mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kasuku. Ndani alikuwa amekunja kila kitu, vikaratasi, meseji za M-Pesa alizonakili kwa mkono ju simu yake ilikuwa inajifuta, na ukurasa mmoja uliong'olewa kwa daftari la hesabu la kijana wake. Mwalimu alikuwa ameandika na wino mwekundu, chini ya hesabu za kugawanya, "Usirudi bila pesa", na tarehe. Nilikuwa nimeandaa barua ya kurasa tatu. Niliiweka kando, tukapeleka kopi ya huo ukurasa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na barua ya mistari sita, na kijana akarudi darasani wiki hiyo.

Kwa hivyo barua yako iwe fupi, peleka nakala mbili na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukitaka kujua nani aliidhinisha hayo malipo, andikia shule au hiyo ofisi ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wana siku 21 kukujibu, wakikuzungusha unapeleka kwa Ombudsman, ile Tume ya Haki ya Utawala. Na tafadhali usiende peke yako, tafuteni wazazi watano au sita mweke sahihi pamoja, ju mtoto wa mzazi mmoja ndiye huandamwa darasani.

Ikifika korti ya Milimani usiogope. Ibara ya 22 ya Katiba inaruhusu mtu ashtaki kwa niaba ya wengine, inasema hakuna ada ya kufungua kesi ya haki za msingi, na korti inaweza kupokea hata barua ya kawaida. Na mambo si pesa pekee, 2019 Mahakama Kuu ilimtetea msichana Rasta wa Kibera aliyefukuzwa shule ju ya dredi, na mzazi wake alitajwa kwa herufi za kwanza za majina tu.

Hii njia ya karatasi si mpya. Thurgood Marshall ndiye wakili aliyeshinda kesi ya Brown kule Marekani 1954 iliyoharamisha kutenga watoto kwa rangi katika shule za umma, na moja ya kesi zilizounganishwa humo ilitokana na wazazi wa South Carolina waliokuwa wameanza kwa kuomba basi tu la watoto wao. Na huyo huyo Marshall 1960 alikuja Nairobi, akaenda London kusaidia wajumbe Waafrika wa Kenya kwa mazungumzo ya katiba, na rasimu ya haki aliyotuandikia ilikuwa na elimu ndani. Mimi hiyo hunipa nguvu sana.

Ukingoja majibu, mpeleke mtoto kila asubuhi akiwa na yunifomu, wewe mwenyewe umshike mkono, na wakimrudisha andika tena tarehe, saa na jina. Jioni piga picha ya kila karatasi umtumie mtu unayemwamini, manake mkebe ukiingia maji hatuna kitu.