Somo: Kurekodi sauti ya gemu na ya maikrofoni katika traki tofauti

Nimeandika somo hili kwa sababu kila wiki naulizwa namna ya kupunguza mlio wa gemu bila kugusa sauti ya msimulizi. Kazi hiyo huanza kabla ya kurekodi, kwa kuweka kila sauti katika traki yake, yaani njia yake ya sauti ndani ya faili moja.

1. Katika OBS Studio, programu ya kurekodi skrini na sauti, fungua mipangilio ya Output na uchague Advanced.

2. Kwenye sehemu ya kurekodi, weka tiki traki ya 1, 2 na 3.

3. Chagua MKV kuwa aina ya faili la rekodi, kwa kuwa kompyuta ikizimika ghafla, kilichokwisha kurekodiwa hubaki salama.

4. Fungua Advanced Audio Properties ugawe vyanzo vya sauti, kama maikrofoni na gemu. Hapa ndipo nilipoharibu. Kila chanzo huwa tayari kina tiki katika traki zote 6, nami sikuziondoa. Nilipofungua rekodi ya saa mbili ili nifute kikohozi changu kilichofunika maneno ya mhusika, nilikuta mawimbi ya traki tatu yanafanana kilima kwa kilima, na kikohozi kimo katika zote. Traki ya 1 ibebe mchanganyiko, ya 2 maikrofoni peke yake, ya 3 gemu peke yake. Ukiongeza chanzo kinachonasa sauti ya gemu moja kwa moja, zima sauti ya jumla ya kompyuta, la sivyo gemu litaingia mara mbili na kutoa mwangwi. Rekodi nusu dakika ya majaribio kabla ya kucheza.

Swali: Nimefuata yote, bado sauti zimechanganyika.
Jibu: Unasikiliza traki ya 1. Fungua faili katika programu ya kuhariri.

Swali: Haifanyi kazi kwangu.
Jibu: Taja hatua uliyokwamia.

Swali: Mbona gemu linasikika kwa mbali kwenye traki ya maikrofoni?
Jibu: Umeuliza jambo la msingi. Bila shaka unatumia spika, na maikrofoni inazisikia kama unavyozisikia wewe. Vaa hedifoni, kisha urudie jaribio ukiwa kimya: wimbi la traki ya 2 linapaswa kuwa karibu bapa.

Swali: Je, nitumie kompresa ya OBS (kichujio kinachoshusha sauti chenyewe) ili gemu lishuke ninapozungumza?
Jibu: Inawezekana, ila badiliko hilo huingia kwenye rekodi na halirudi nyuma. Mimi hushusha traki ya 3 wakati wa kuhariri, desibeli chache tu, nikianza kidogo kabla ya neno la kwanza ili msikilizaji asihisi mshtuko.

Swali: Mimi hupiga kofi mwanzoni ili kuoanisha sauti.
Jibu: Kofi hufaa sana iwapo maikrofoni inarekodiwa na kifaa kingine. Traki za faili moja huanza pamoja, kwa hiyo ukizihamisha, zihamishe zote kwa pamoja.