Andika sababu kabla ya kuchagua

Ukitaka kununua kitu cha bei kubwa, kubadili kazi au kuhama mtaa, andika sababu yako kwa mstari mmoja kabla hujatoka nyumbani, kisha uisome tena kabla ya kulipa au kukubali. Hapa Goma mtu anaenda Birere, mtaa wa maduka, kutafuta simu ya kupigia tu, anarudi na ile aliyonayo jirani, na mdomoni tayari ana maelezo: kamera nzuri, betri inakaa. Maelezo hayo mara nyingi huzaliwa baadaye. Mwaka 1977 wanasaikolojia wa Marekani, Richard Nisbett na Timothy Wilson, walieleza jaribio ambalo wanunuzi walipangiwa jozi 4 za soksi ndefu za nailoni, zote sawa kabisa. Iliyochaguliwa zaidi ni ile ya mwisho upande wa kulia, na wanunuzi walipoulizwa sababu walitaja ubora. Hawakuwa wanadanganya, na kwangu hilo ndilo zito zaidi: waliamini walichosema. Mstari ulioandikwa mapema haugeuki pamoja na moyo. Ukiona haulingani na ulichoshika mkononi, jiulize ulitaka nani akuone nacho. Njia hii haisaidii ukiandika ukiwa na hasira, au ukiwa umeshaamua, maana hapo unaandika utetezi. Wala usikipime nayo kikwembe, yaani kitenge, cha harusi ya familia: pale kufanana na wenzako ndiyo sababu yenyewe, na ni sababu njema.