Somo: Kontua na hailaita kwenye joto la Mtwara

Kabla hujashika brashi, nenda mlangoni. Simama mwanga wa nje unapoingia, uso mtupu, kioo mkononi, ujitazame bila haraka. Panapong'aa penyewe (juu ya shavu, mgongo wa pua, katikati ya paji) ndipo pa hailaita, yaani rangi ya kung'arisha. Penye kivuli ndipo pa kontua, rangi ya kuongeza kivuli. Zile picha za mitandaoni zenye mistari ya kahawia uso mzima zimechorwa kwa sura ya mwenyewe na taa za studio. Ukizifuata kama zilivyo, unajipaka uso wa mtu mwingine.

Nalisisitiza hili kwa sababu malipo ya korosho yakishatoka, harusi na sherehe za kuwacheza wali, mabinti waliotoka unyagoni, zinafuatana huku kwetu, na kila Jumamosi naona mabinti wazuri wa Chikongola na Ligula waliofutwa sura zao.

Tuanze na rangi. Kontua iizidi ngozi yako weusi kwa daraja moja au mbili, ising'ae hata kidogo, na isiwe na wekundu, maana kivuli cha kweli hakina wekundu. Ngozi zetu nyingi za Kusini zinataka kahawia ya kahawa iliyokaangwa sana. Ile ya rangi ya tofali inageuka kutu usoni. Huna haja ya seti kubwa. Fondesheni, ile rangi ya msingi ya uso mzima, iliyokuzidi weusi kwa daraja mbili inatosha kuwa kontua. Fenty Beauty walipoanza mwaka 2017 na rangi 40 za fondesheni, kampuni nyingine nazo zikaongeza rangi za watu weusi, kwa hiyo usikubali kuuziwa "hii inakaribiana." Ijaribu kwenye taya, karibu na shingo, si mgongo wa mkono. Hailaita nayo iwe dhahabu, shaba au asali. Ya fedha juu ya ngozi nyeusi inaacha majivu.

Osha uso, paka mafuta mepesi, subiri dakika kumi yaingie. Fondesheni iwe nyembamba. Kwa unyevu wa pwani, kila tabaka unaloongeza ndilo litakaloteleza.

Sasa shavu, na hapa usikimbie. Weka kidole mbele ya tundu la sikio, kitelezeshe taratibu kuelekea pembe ya mdomo. Utauhisi mfupa, na chini yake bonde. Wengi wanapaka kontua bondeni, uso unaonekana umechoka, kama wa mgonjwa. Paka kwenye ukingo wa chini wa mfupa, juu kidogo ya bonde, na ukifika usawa wa pembe ya nje ya jicho, simama. Usifike mdomoni. Chukua sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa sana, gongagonga kuelekea juu. Usiburute; ukiburuta unahamisha fondesheni ya chini. Gonga mpaka usijue mstari ulianzia wapi.

Panja na chini ya taya, kiasi kidogo tu. Pua, mistari miwili myembamba pembeni, na kama pua yako unaipenda, iache.

Konsila, rangi ya kuficha madoa, iliyo nyeupe kuliko ngozi yako kwa daraja moja, ipite chini ya macho, katikati ya paji na kidevuni. Kisha poda. Krimu zote zitangulie poda. Krimu juu ya poda inafanya mabonge. Hailaita ya kung'aa ndiyo ya mwisho: mguso mmoja juu ya shavu, mwingine juu ya mdomo wa juu.

Halafu rudi mlangoni. Miaka ya mwanzo nilimpamba bibi harusi chumbani chini ya taa ya njano. Tulipotoka uani, mistari miwili ilikuwa imesimama mashavuni mwake. Nilimfuta nikaanza upya huku matarumbeta yakimsubiri nje, na machozi yake ninayakumbuka hadi leo.

MASWALI

*Shikamoo somo. Niko Newala, kwetu kuna baridi na mekapu inakaa. Nikishuka Mtwara mjini jasho linaimaliza. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Usifute, bonyeza. Tishu moja iliyokunjwa, bonyeza paji na pua, kisha poda kidogo sana. Ukifuta, kontua yote inaondoka na tishu.

*Dada, kwenye picha za usiku nimetoka mweupe chini ya macho, kama nimepakwa unga.*

Ni ile poda nyeupe inayosemwa haina rangi. Flashi ikiipiga inarudisha mwanga. Tumia poda yenye rangi ya ngozi yako, na ujipige picha ya flashi kabla hujatoka nyumbani.

*Brashi sina. Vidole vinafaa?*

Kwa krimu vinafaa sana, joto la kidole linaiyeyusha vizuri. Nawa kwanza.

*Somo, naona aibu kuuliza. Nilitumia mkorogo, uso ni mweupe, shingo nyeusi. Nifuate rangi ipi?*

Usione aibu, mama. Fuata shingo, na kontua ipime kwa shingo hiyohiyo. Ila mkorogo usirudie: krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na zebaki inaharibu figo. Kama ngozi inawasha au imekuwa nyembamba, mwone daktari wa ngozi kwanza, mekapu itakusubiri. Ukiwa tayari, njoo na uso mtupu tuitafute rangi yako pamoja mlangoni.