Kabla ya kuwapeleka watoto Kibirizi, tazama mwezi
Wazazi wa Kigoma mnaotafuta pa kuwatoa wadogo Jumamosi, anzeni na mwalo wa Kibirizi, asubuhi na mapema. Mitumbwi inarudi na taa zake, dagaa wanaanikwa wakiwa bado wanameta, na mtoto anajionea kitoweo chake kinakotoka. Ila dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi wengi hupumzika na mwalo hupooza. Chagueni siku za mwezi mchanga. Jua likikolea, pandeni gari la Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone. Wadogo hawana habari na mwaka 1871, mwandishi Stanley alipomkuta mvumbuzi Livingstone hapo, msiwachoshe. Zile sanamu mbili, Stanley na Livingstone wakiamkiana, pamoja na kivuli cha miembe, vinawatosha. Maji ya kunywa chukueni nyumbani.