Grupu asaimenti ya watu wa kozi tofauti: msigawane kazi siku ya kwanza

Grupu la watu wa kozi moja mnaelewana hata mkikosea, maana wote mnakosea kwa namna moja. Kazi inaanza lekchara akiwachanganya, mainjinia wawili, mmoja wa biashara, mmoja wa afya, mmoja wa mawasiliano ya umma, alafu anasema buni kitu cha kuwasaidia watu wa ziwani, mwisho wa semista mnaprezenti. Na kila grupu likishakaa tu kitu cha kwanza ni kugawana: injinia achore, wa biashara apige bajeti, wa afya aandike ukurasa wa usafi, wa mawasiliano atengeneze slaidi, kwaherini tukutane wiki ya mwisho. Msifanye hivyo. Msigawane chochote mpaka wote mmeenda kuona kazi yenyewe kwa macho, kwa sababu makosa ya hizi projekti mara nyingi hayakai ndani ya kazi ya mtu mmoja, yanakaa pale katikati ambapo kila mtu alidhani mwenzake anapaangalia.

Tuseme mmepewa kichanja cha kukaushia dagaa, mradi ambao huku Mwanza haukwepeki. Kabla hamjapanga tarehe ya kwenda Igombe au Kayenze angalieni mwezi kwanza. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi wanapumzika, sasa nyie mkipanga safari kwa kufuata bumu (hela ya mkopo wa chuo) limeingia lini mtakuta vichanja vitupu na akina mama wanasukana. Nendeni kipindi cha giza, asubuhi mapema mitumbwi ikiwa inarudi. Pitieni kwa mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, mjitambulishe, na kama kuna mwenzenu anaongea Kisukuma huyo atangulie, "mwangaluka" moja (salamu yao ya asubuhi) inafungua milango kuliko barua ya chuo (barua nayo mbebe).

Mkifika, kila mtu afanye kazi ambayo sio ya kozi yake. Injinia aulize bei, wa biashara ageuze dagaa, wa afya apime kichanja kwa futi kamba, wa mawasiliano aangalie nzi wanatua wapi na kuku wanapita wapi. Inaonekana utani ila ndo penyewe hapo. Injinia akiachwa peke yake atachora kichanja cha upana wa mita 2 maana kinabeba mzigo mkubwa, na kimahesabu yuko sahihi kabisa, ni yule aliyegeuza dagaa kwa mkono wake nusu saa ndo atamwambia kaka hapo katikati mkono haufiki, ukisimama upande huu au ule bado kuna mita nzima, mama akijinyoosha khanga inawalalia dagaa wa pembeni, na wa afya akisikia hivyo naye ana la kusema. Mnashuka mpaka mita 1.2 na hamna aliyegombana na mtu.

Jioni hiyohiyo kubalianeni vipimo. Mvuvi anaongea ndoo, mfanyabiashara anaongea gunia, injinia anataka kilo, sasa pimeni ndoo moja kwenye mizani ikiwa mbichi, na ya hivyohivyo ikishakauka. Karibu robo tatu ya uzito wa dagaa mbichi ni maji, kwahiyo kilo 100 zikikauka vizuri mnabaki na kama 28 hivi. Wa biashara asipoijua hiyo ataandika mapato ya kilo 100 na mradi utaonekana wa kitajiri, na injinia asipoijua hataelewa kwamba kilo 70 na ushee za maji lazima zipite mahali, ukifunika nailoni pande zote bila njia ya upepo hujakausha dagaa, umewachemsha. Iandikeni kwenye faili moja la Google Docs wote mnaloliona, mtu akibadilisha namba aweke jina lake.

Mikutano mifupi tu, wa afya ana zamu wodini na msimlaumu kwa hilo. Voisi noti za dakika saba hapana. Kiongozi wa grupu asiwe yule anayechora, kwa maoni yangu, maana mchoraji akishapenda mchoro wake hakuna wa kumwambia kitu.

Laptopu ziwekeni pembeni kwanza. Tafuteni miti, kamba na wavu chakavu, fungeni kichanja kidogo mkipeleke kwa mama mmoja pale mwaloni. Msimuulize "mama umekipenda?", kwa heshima zetu atawajibu kizuri wanangu na mtarudi mjini mnafurahi bure. Nunueni ndoo ya dagaa, muombeni akitumie asubuhi nzima, nyie kaeni kando mnyamaze. Akianza kukisogeza, akiweka jiwe chini ya mguu mmoja, akitandika wavu mwingine juu, pigeni picha, mapungufu ya kichanja mmeshaonyeshwa yote.

Huko Ufini mwaka 2010 waliunganisha vyuo vitatu, cha teknolojia, cha biashara na cha sanaa na ubunifu, wakapata Aalto, ili watu kama nyie wakutane. Sisi toka Malimbe kwenye chuo cha SAUT mpaka Bugando kwenye chuo cha afya ni daladala tu.

Siku ya prezentesheni badilishaneni: wa biashara aeleze upepo unapitaje, injinia aeleze mama atarudisha hela yake baada ya muda gani. Mtu akishindwa kueleza kazi ya mwenzake mtajua mapema mkifanya mazoezi, sio mbele ya paneli. Na abiria, wale wanaopata maksi bila kufanya kazi, hawakosekani kwenye grupu lolote, muombeni lekchara mwanzoni kabisa mwa semista kila mtu awape wenzake maksi kwa siri, mkisubiri mpaka wiki ya mwisho itaonekana mna chuki na mtu.